Nani Analipia Tairi?

Desemba iliyopita nilitazama filamu ya Gran Turismo mara mbili ndani ya wiki moja, na mara zote mbili nilikuwa na mdogo wangu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja hapa Babati, si mbali na stendi. Kiingilio Sh 500, mabenchi ya mbao, gunia limefunika dirisha, feni moja inazunguka kama imelazimishwa. Kulia kwangu alikaa mdogo wangu. Kushoto alikaa kijana wa bodaboda ambaye hakuvua reflekta yake hadi filamu ilipoisha, nadhani ili awahi abiria wa mabasi ya jioni.

Filamu ilikuwa imetafsiriwa. Kwa msomaji ambaye hakukulia vibandani, kutafsiriwa hapa hakuna maana ya maandishi chini ya skrini. Kuna DJ anayerekodi sauti yake juu ya sauti za waigizaji na kusimulia kisa kwa Kiswahili, anavyokielewa na anavyotaka. Lufufu ni kati ya waliowazoesha Watanzania utaratibu huu, na Kenya wana DJ Afro. DJ mzuri hafasiri tu. Anabishana na waigizaji, anawatania, anawaonya kabla hawajakosea. Huyu wa Gran Turismo alikuwa na tabia moja iliyonikaa kichwani. Kila gari lilipoingia pembeni kubadilishwa matairi, alipiga kelele: "Haya, tairi jipya tena! Lile lilikuwa na kosa gani? Nani analipia tairi, jamani?" Mara ya kwanza kibanda kilicheka. Kufikia mara ya nne watu walikuwa wanamtangulia, wanauliza kabla yake.

Filamu ilipoisha mdogo wangu alinigeukia. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke. "Dada, umeona? Inawezekana. Na ni kweli kabisa, wameandika pale mwanzo."

Kweli wameandika. Gran Turismo ya mwaka 2023 inadai kutokana na kisa cha kweli, na kisa chenyewe kipo. Jann Mardenborough, kijana wa Cardiff, Wales, alikuwa mchezaji wa gemu ya mbio za magari iitwayo Gran Turismo. Mwaka 2011 aliingia kwenye shindano la GT Academy, lililoendeshwa na Nissan pamoja na Sony, akawashinda washiriki wapatao 90,000 na kupewa nafasi ya kuendesha gari halisi la mashindano. Alikuwa na miaka 19.

Mdogo wangu naye ana miaka 19. Anajua kuendesha chochote chenye usukani, na jioni anashinda kwenye chumba cha gemu mtaa wa pili kutoka kwetu. Mama alikopa Sh 400,000 kwenye kikoba kwa ajili ya ada ya chuo cha ufundi wa magari. Hela hiyo iko ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Usiku ule mdogo wangu alimwambia mama kwamba chuo kinaweza kusubiri. Hela hiyo ikitumika vizuri, alisema, inatosha PlayStation ya mtumba na usukani wake.

Mama hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyesoma. Si unasomea mambo ya hadithi huko? Basi mwambie hii ni kweli au ni uongo."

Ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi. Kwa miaka miwili nimeandika kurasa nyingi kuhusu usimulizi, na hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza swali gumu kama hilo. Nilimwomba mama siku chache.

Nianze na sifa, maana zipo. Mwongozaji, Neill Blomkamp, ni mzaliwa wa Johannesburg, na anajua kuipenda mashine. Kuna wakati Jann amekaa chumbani kwake anacheza, na gari linaanza kujijenga hewani kumzunguka, kipande kwa kipande, mpaka chumba kinatoweka na yeye yuko barabarani. Nimewahi kukaa nyuma ya mdogo wangu akicheza gemu, nikaona mabega yake yakiinama kwenye kona. Blomkamp ameonyesha kitu ambacho mdogo wangu hajawahi kupata maneno ya kunieleza, kwamba akiwa pale hayupo chumbani. Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, anaigiza baba, mchezaji mpira wa zamani anayejua jinsi michezo inavyomtema mtu. Anapomkatalia mwanawe huoni ukatili, unaona mtu anayekumbuka. Na ule utani wa Jann kusikiliza Kenny G kabla ya mbio ulifika salama hadi Babati, kwa sababu DJ alisema, "Mwenzenu anaenda vitani na nyimbo za harusini."

Tatizo linaanzia kwenye hela, na DJ aliliona kabla yangu.

Filamu ina tajiri mmoja tu anayechukiza. Ni Nicholas Capa, dereva mwenye gari la rangi ya dhahabu, anayeendesha kwa mali ya baba yake. Kila anapotokea tunajua tumchukie. Kwa njia hiyo filamu inachukua jambo ambalo ndilo mhimili wa mchezo mzima na kulifanya tabia mbaya ya mtu mmoja. Capa akishindwa, tunahisi hela imeshindwa. Lakini yule kijana wa Cardiff anaendesha gari la nani? Ni gari la kampuni, mafuta ya kampuni, tiketi za ndege za kampuni, mwalimu wa kampuni, na matairi ya kampuni. Hela ya Capa inang'aa ili tusiione ya Jann.

Filamu inakaribia kulikiri hili mara moja. Kambini, vijana wawili wanafika mwisho karibu sawa, na mtu wa masoko anataka achaguliwe yule mwingine, kwa kuwa anazungumza vizuri mbele ya kamera. Kwa dakika chache tunaona mlango ulifunguliwa kwa ajili gani. Ulifunguliwa ili gemu na magari viuzwe, na dereva alikuwa sehemu ya tangazo. Sisemi hili kwa dharau. Mlango ni mlango, na aliyepita alipita kwa kasi yake mwenyewe. Lakini muswada unaifunga mada hiyo haraka, kisha unarudi kutuambia kwamba kilichobaki ni kujiamini.

Swali la mdogo wangu ni swali halali, na lina majibu nje ya filamu. Dereva chipukizi anapandaje hadi juu? Njia ya kawaida huanza na gokati utotoni, kisha magari madogo ya Formula, ngazi moja baada ya nyingine, hadi Formula 1, ambako kwa miaka mingi kulikuwa na viti 20 tu duniani kote. Kila ngazi hulipiwa na familia, mdhamini, au timu kubwa inayowekeza kwa mtoto. Lewis Hamilton, ambaye hutajwa kila mara kama mtoto wa mfanyakazi wa kawaida aliyefika, alichukuliwa na McLaren mwaka 1998 akiwa na miaka 13. Kabla ya hapo baba yake alikuwa akifanya kazi zaidi ya moja ili kulipia gokati. Kwa hiyo hata kisa kinachotupa matumaini kuliko vyote kina jibu la swali la DJ. Alianza kulipa baba, kisha ikalipa McLaren. Kipaji kilikuwepo, lakini hakikuwahi kusafiri peke yake.

Kosa la pili la filamu ni zito zaidi. Nililigundua nyumbani, nilipoanza kulinganisha tarehe.

Katikati ya filamu gari la Jann linapaa kwenye mbio za Nürburgring, Ujerumani, linaruka uzio na kumuua mtazamaji. Jann anavunjika moyo. Mwalimu wake anamrudisha pale pale penye ajali ili amshinde hofu. Kisha anakwenda Le Mans, Ufaransa, na kupanda jukwaani akiwa wa tatu katika daraja lake. Kifo kinakuwa bonde ambalo shujaa analipita kabla ya kilele.

Ajali hiyo ilitokea Machi 2015. Jukwaa la Le Mans lilikuwa Juni 2013. Mpangilio umegeuzwa. Mtu aliyekufa miaka karibu miwili baada ya ushindi amehamishwa akawekwa kabla yake, ili ushindi uwe na uzito. Hata timu imebadilishwa. Filamu inampa Jann wenzake wawili waliotoka kwenye gemu kama yeye, ionekane kwamba vijana wa chumbani wameishinda dunia ya wakubwa. Ukweli ni kwamba mwenzake mmoja, Lucas Ordóñez, alitokea GT Academy, lakini wa tatu, Michael Krumm, alikuwa dereva mkongwe wa miaka mingi.

Najua utetezi wake, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuuandika kwenye mtihani: msanii ana haki ya kupanga upya matukio. Ndiyo, anayo. Angebadilisha rangi ya gari, angeunganisha walimu watatu wakawa mmoja, nisingesema kitu. Lakini mtazamaji yule hakufa kwa faida ya jukwaa la mtu. Alikwenda kutazama magari, kama sisi tulivyokwenda kibandani. Ukiandika mwanzoni kwamba kisa ni cha kweli, tarehe ya kifo cha mtu si kipande cha kuhamisha ili mdundo ukae vizuri.

Pale kibandani, ajali ilipotokea, DJ alinyamaza. Huo ulikuwa ukimya wake pekee kwa zaidi ya saa mbili. Huenda alikuwa anakunywa maji. Tulisikia Kiingereza kitupu, king'ora, na feni. Halafu kijana wa reflekta akauliza, si kwa sauti kubwa, "Sasa yule aliyekufa alikuwa nani?" Filamu haikumjibu. Hatukulisikia jina lake. Ilikuwa tayari inarudi kwa Jann.

Na kosa la tatu ni pale filamu inapochagua kuishia. Inaishia jukwaani, muziki juu. Ukiishia hapo, safari ya dereva chipukizi inafanana na ngazi, kwamba ukishakanyaga ya kwanza nyingine zinakungoja. Endelea kidogo na sura inabadilika. Mwaka 2014 Mardenborough aliendesha GP3, ngazi iliyokuwa ikielekea Formula 1, akashinda mbio moja Hockenheim. Hakufika Formula 1. Alihamia Japani na kuendesha huko kwa miaka kadhaa, katika mashindano makubwa na magumu, kwa heshima yake yote. GT Academy yenyewe ilifungwa mwaka 2016. Mwishoni mwa 2020 alipoteza nafasi yake Nissan. Na filamu ya maisha yake ilipotengenezwa, aliajiriwa kama dereva wa picha za hatari, akamwendeshea magari mwigizaji aliyekuwa anamwigiza yeye.

Nilipokisoma hicho cha mwisho nilikiacha kitabu cha tasnifu yangu nikatoka nje. Ndani yake mlikuwa na filamu nyingine kabisa, na wenye kamera walikuwa wamekaa nayo gari moja.

Siku ya nne tuliitazama mara ya pili, nyumbani, kwenye kompyuta yangu, bila DJ. Mimi ndiye niliyetafsiri. Mama alikaa nasi akichambua mbaazi kwenye ungo. Tulipofika pale baba anapomwendea mwanawe na kumwomba msamaha huku machozi yakimtoka, mama aliinua kichwa.

"Huyo baba ndiye aliyelipa?"

"Hapana, mama. Ni kampuni."

"Sasa mbona analia yeye?" Akarudi kwenye mbaazi zake.

Nikamweleza mdogo wangu niliyoyapata. Nilisimamisha filamu kwenye ajali nikampa tarehe halisi. Nikamwambia kuhusu Japani, kuhusu 2016, kuhusu 2020. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza: "Kwa hiyo ikipangwa sawasawa, inaishia wapi?"

"Anaendesha gari kwenye filamu yake mwenyewe, na sura haionekani."

Alifikiri. "Hata hiyo ningeitazama."

Sikuwa nimetegemea jibu hilo. Nilidhani ukweli utamkatisha tamaa, nami nitakuwa nimemaliza kazi niliyotumwa na mama. Kwa hiyo nikaleta silaha yangu ya pili. Nilimletea watu wa kwetu.

Wasomaji wa umri wangu tunasahau kwamba mbio za magari si jambo geni huku. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa tope na vumbi. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, 7 tu yalimaliza. Mwaka 1968 yalianza 93 na yakamaliza 7 tena. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Babati yenyewe ni mji wa njia panda. Iko kwenye ile Barabara Kuu ya Kaskazini iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, na mpaka lami ya kwenda Dodoma ilipokamilika mwaka 2018, dereva aliyefika hapa kutoka Kondoa wakati wa masika alikuwa amefaulu mtihani ambao Le Mans hawautungi.

Niliyemhifadhi kwa ajili ya mwisho alikuwa Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Alianza kama fundi. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mbio, gari la mtumba kwa lugha yetu. Akashinda tena 1974 na 1976. Katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19, kwa sababu alikuwa anajua gari linalia wapi kabla halijafa. Nilikisimulia vizuri kisa hiki, najua nilikisimulia vizuri. Fundi, gari la mtumba, ubingwa. Nilikuwa nakielekeza taratibu kwenye kopo la maziwa na ada ya chuo.

Mdogo wangu aliuliza swali moja tu. "Gereji ilikuwa ya nani?"

Ilikuwa ya baba yake. Nilikuwa nimeisoma hiyo na nikairuka.

"Umeona?" alisema. "Na wewe umekata."

Alikuwa sahihi. Kwa siku nne nilikuwa nimeishtaki filamu kwa kuficha mlipaji, na nilipopata nafasi ya kusimulia kisa kwa shabaha yangu, nilimficha wa kwangu. Nilitaka Joginder awe tangazo la ufundi, kama Nissan walivyotaka Jann awe tangazo la gari. Ndipo nikaelewa kitu ambacho darasani nilikuwa nakiandika tu. Kisa cha mtu aliyepanda karibu kila mara husimuliwa na mwenye kitu cha kuuza, na dada anayetaka mdogo wake aende chuo ni mmoja wao.

Basi nikamsimulia kisa cha karibuni, safari hii bila kukata. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kwa sababu serikali ya Kenya iliamua kuilipia. Pamoja nayo ulikuja mpango wa kuwalea madereva vijana: McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremy Wahome, katika magari ya Ford Fiesta Rally3. Februari 2022 Kimathi na msoma ramani wake, Mwangi Kioni, walianza Rally Sweden katika daraja la vijana la ubingwa wa dunia, juu ya theluji, Wakenya wawili katika baridi ambayo hakuna barabara ya Naivasha inayoweza kukuandalia. Nyuma yao palikuwa na wadhamini, palikuwa na chama cha mchezo, na palikuwa na baba, Phineas Kimathi, dereva wa rali wa zamani na kiongozi wa mchezo huo Kenya, aliyempa mwanawe jina la bingwa wa dunia Colin McRae. Sisemi haya kuwapunguzia. Theluji haimuulizi mtu baba yake ni nani. Ila kufika kwenye theluji ni jambo jingine, na ndilo tulilokuwa tunaulizana.

"Kwa hiyo jibu ni hapana," mdogo wangu alisema.

"Jibu ni kwamba kila aliyefika kuna mtu alimlipia tairi, kila hatua. Na kwa njia ya gemu, yule aliyekuwa analipa alifunga mwaka 2016. PlayStation utainunua, mlango hautakuwepo."

"Kukimbia kwa miguu je? Mbona hapa tunatoa wakimbiaji?"

Lilikuwa swali zuri. Mkoa wetu una John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti. Jirani zetu wa Karatu wana Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Hatukutoa hawa kwa sababu Mungu aliweka mbio miguuni mwetu akazisahau mikononi. Mtoto wa Mbulu anaweza kugundua kasi yake kabla mtu yeyote hajatoa shilingi. Mtoto mwenye kipaji cha usukani anaweza kuzeeka bila kujua anacho. Hili ndilo Gran Turismo ilikuwa na nafasi ya kulisema kuliko filamu yoyote ya mbio, kwa sababu gemu kwa miaka michache ilifanya kitu cha ajabu. Ilimwezesha mtoto kuipima kasi yake chumbani, kwa bei ndogo kuliko gokati. Hapo ndipo palipo na habari yenyewe. Filamu ikaiacha ili ituambie tufuate ndoto.

Nilidhani tumemaliza. Mama alikuwa ameshapeta mbaazi zake na kuzimimina kwenye ndoo. Mdogo wangu akasema, bila hasira, akitazama skrini iliyozimika:

"Na wewe, dada? Wewe unasomea hadithi. Nani alilipia tairi?"

Mwaka 2017, nilipopata nafasi ya chuo kikuu, India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Soko letu kubwa lilikuwa huko. Bei hapa Babati ilianguka vibaya, na gunia ambalo lingenisafirisha na kunilipia chumba likawa halinunuliki. Mama aliuza ng'ombe wawili. Nimewahi kuandika kuhusu chuo, kuhusu vitabu, kuhusu mwalimu aliyenifungua macho. Ng'ombe wale sijawahi kuwaandika.

"Wale ng'ombe nilikuwa nawachunga mimi," alisema. Alikuwa na miaka 11 wakati ule.

Mama alimwambia anyamaze. Nikamwambia mama amwache.

Kwa hiyo swali la mama, kama filamu hii ni ya kweli au ya uongo, nitalijibu hivi. Mbio zake ni za kweli, na kijana ni wa kweli. Uongo uko kwenye alipokata. Ilikata hela ikabaki nia, ikahamisha kifo ili kitumike, ikazima taa kabla ya 2020. Ukitaka kuitazama, itazame iliyotafsiriwa. DJ wetu alikosea majina, aliruka mazungumzo, na sehemu moja aliichanganya Ujerumani na Uholanzi, lakini aliliuliza kila mara swali ambalo waandishi wa muswada hawakuliuliza hata mara moja.

Hela bado iko kwenye kopo. Chuo kinafungua wiki ya pili ya Januari, na uamuzi ni wa mama na wake. Mimi nimeshasema nilichokuwa nacho. Jana aliniomba nimwandikie kwenye karatasi majina matatu, Mardenborough, Joginder Singh na Kimathi, na mbele ya kila jina niweke aliyelipa. Niliandika. Alipoirudisha karatasi asubuhi, alikuwa ameongeza mstari wa nne kwa mwandiko wake: jina langu, na mbele yake, ng'ombe wawili. Chini yake aliandika jina lake. Mbele yake hajaandika kitu.